Bango la Miche Isiyofunikwa

Kilichonitoa Mdandu asubuhi ile ya Julai ni majibu ya utafiti ambayo hata mimi mwenyewe yalinishangaza. Mimi ni bibi shamba wa kata. Kwa misimu miwili nilikuwa nafuatilia jambo dogo: miche michanga ya maparachichi ikifunikwa kwa magunia jioni za baridi, je, kweli inapona kuliko isiyofunikwa? Kila mtu kwetu atakujibu bila kufikiri. Sakitu, ule umande ulioganda, ikianguka, mche ulioachwa wazi unaamka mweusi. Lakini kujua ni jambo moja na kupima ni jingine, nami nina ugonjwa wa kupenda kupima. Nikapanga mistari katika shamba la Mama Neema, mjane mwenye mikono inayootesha hata kijiti kikavu: mistari hii ya kufunikwa, mistari ile ya kuachwa wazi. Yeye ndiye aliyefunika jioni na kufunua asubuhi. Mimi nilikuja na pikipiki kuhesabu. Misimu yote miwili, miche ilipona sawasawa, ya magunia na ya wazi.

Sawasawa kabisa! Nilituma muhtasari kwenye mkutano wa wataalamu wa kilimo mjini Njombe, wakanikubalia niwasilishe bango. Kisha mratibu wa mkutano akanipigia simu. Alisema matokeo yangu yatawapunguzia wakulima kazi, na yakipita mbele ya wataalamu yataingia kwenye kipeperushi cha kugawa kata zote: msihangaike kufunika miche. Chini yake, jina langu. Nilijiona nimekua ghafla. Nikaomba Mama Neema naye aalikwe, kwa sababu shamba ni lake na kazi ni yake.

Saa moja asubuhi tuliondoka Mdandu. Mama Neema alivaa kitenge cha kanisani na sweta mbili, moja juu ya nyingine. Njia nzima alisalimiwa, "Kamwene, Mama Neema, mnakwenda wapi?" naye akajibu kwamba anakwenda kuangalia shamba lake limetundikwa ukutani.

Saa nne tulikuwa Makambako, mahali ambapo malori ya Zambia hupanga foleni na kila nyumba ya pili ni gesti. Nilikuwa na bango langu ndani ya flashi. Kijana wa steshenari alilifungua kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Pole sana, dada. Marehemu ni nani?"

"Hakuna marehemu. Ni utafiti."

"Basi tuweke maua kidogo pembeni. Bango bila maua linafanana na tangazo la mnada."

Tulibishana mpaka tukakubaliana majani ya kijani, bila maua. Alipofika kwenye hitimisho alilisoma kwa sauti, kisha akanigeukia. "Kwa hiyo baridi haiui miche? Mimi ni wa Makete, dada. Kwetu inaua hata iliyofunikwa."

"Kila mahali na hali yake ya hewa," nilimjibu kitaalamu. Mama Neema alikuwa mlangoni akitazama malori, wala hakugeuka.

Bango lilipotoka lilikuwa refu kuliko mimi. Tulilikunja tukalitia kwenye kipande cha bomba la plastiki tulichonunua duka la vifaa vya ujenzi.

Saa nane mchana tulipanda basi la Njombe. Konda aliuliza kama tunampelekea mtu maji, abiria wakacheka, Mama Neema akalipakata bomba lake bila kujali. Nje, miti ya misindano ilipishana na mashamba ya viazi, na kila tulivyosogea hewa ilizidi kuwa kali. Nilikuwa na swali lililonikera tangu msimu wa kwanza, nikaona hapa ndipo pa kuliuliza.

"Mama, unadhani kwa nini ile ya wazi haikufa? Labda ni mteremko wa shamba?"

"Labda."

"Au ule upepo wa bondeni, labda unazuia sakitu kutua?"

"Upepo nao upo," alisema. "Wewe, mwanangu, unauliza sana."

Nikatoa daftari nikaandika yote mawili, mteremko na upepo. Nilifurahi kama aliyeokota kitu.

Jioni tulifika Mjimwema, pale pale Njombe, kwa mama yangu mdogo. Alitupokea kwa ugali, kabichi na jiko la mkaa lililojaa. Nyuma ya jiko lake kulikuwa na miche minne ya maparachichi aliyoipanda mwaka ule, na Mama Neema aliizunguka akiikagua kama mganga. Mimi nilikaa motoni nikikariri maelezo yangu. Nililala mapema.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niliamshwa na baridi. Nyasi za uani zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Nikamwona Mama Neema nyuma ya jiko. Alikuwa anainua magunia kutoka juu ya ile miche minne, moja baada ya jingine, anayakung'uta, anayakunja, kisha anayasukuma nyuma ya lundo la kuni. Alifanya haraka, bila kutazama mikono yake, kama mtu anayesuka ukili.

"Mama, kufunika nimekuelewa," nilisema. "Sasa magunia unayaficha ya nini?"

"Mazoea tu," alijibu. Kisha akasikia alichosema, akaweka mkono mdomoni.

Nilisimama pale na kanga begani, na polepole nikaelewa. Hakuwa na haja ya kueleza, lakini alieleza.

"Uliniambia mistari ile iachwe, na mimi nikaitikia. Jioni ya sakitu ya kwanza nikakaa jikoni, chakula hakipiti. Nimeipanda mwenyewe, nimeimwagilia mwenyewe, halafu niikalie tu ife? Na wewe ungekuja ukaikuta imekufa, ungesema Mama Neema mzembe. Nikatoka nikaifunika yote. Asubuhi nikawa naifunua ile yako na kuficha magunia yake kabla hujafika."

"Misimu yote miwili?"

"Yote."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi sana ukihesabu."

Nilikaa juu ya kuni. Nilimkasirikia, halafu nikajikasirikia, halafu nikaogopa. Mwaka unaofuata, watu wa kata zote wangeacha miche yao wazi kwa sababu mimi nimesema. Na sitaficha: wazo lililonijia kwanza ni kwamba tuko watatu tu tunaojua. Mama mdogo aliyekuwa amesimama mlangoni na birika alinisoma usoni.

"Mficha uchi hazai," alisema, akanimiminia chai.

"Useme kosa ni langu," Mama Neema alisema.

Saa tatu kasorobo, ukumbini, tulitundika bango. Njiani nilikuwa nimenunua manila na kalamu nene. Nilibandika kipande cha manila juu ya hitimisho, nikaandika kwa mkono: HITIMISHO LILILOKUWA HAPA SI SAHIHI. MICHE YOTE ILIFUNIKWA. KARIBU TUKUELEZE. Jirani yangu wa kulia, afisa uvuvi kutoka Ludewa mwenye bango zuri la dagaa wa ziwani, alisoma akapiga mluzi.

"Dada, umejichongea mwenyewe," alisema. "Lakini watakuja."

Walikuja kweli. Watu waliokuwa wanapita mabango ya wenzangu wakitikisa vichwa kwa adabu walisimama kwangu. Mratibu alikuja pia, akasoma mara mbili.

"Tumeshatenga nafasi kwenye kipeperushi," alisema kwa sauti ya chini.

"Iondoeni, mzee. Mkiichapa hivyo, miche ya watu itakufa."

Alifungua daftari lake, akapiga mstari juu ya jina langu. Niliuona mstari ule ukipita, na uliniuma.

Kisha akafika mama mmoja mtafiti, mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Hakuuliza habari za mteremko wala upepo.

"Ulikuwa unafika shambani saa ngapi?"

"Saa tatu, mama. Jua likishapanda."

"Kwa nini saa tatu, wakati unachunguza sakitu?"

"Kwa sababu ya baridi," nilisema.

Kicheko kililipuka, na mimi mwenyewe nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yule mama akamgeukia Mama Neema. "Na wewe, mama, hukuona ni vigumu kudanganya hivyo kila siku?"

"Kudanganya kulikuwa kugumu," alisema Mama Neema. "Lakini kuona mche unakufa na gunia unalo mkononi, hilo siliwezi. Hao wanaoliweza, mimi siwajui."

Mwanamume mmoja wa Makete alikuna kichwa, akasema sasa anaanza kuwa na wasiwasi na viwanja vyake vya majaribio ya kutopalilia, maana kila akienda anavikuta visafi. Mwingine akamwuliza mkulima wake anaishi umbali gani na viwanja hivyo. Basi wakaanza kuulizana wao kwa wao, bango langu likiwa katikati, na nilijifunza mambo mengi pale kuliko kwenye hotuba zote za siku ile. Sikupata zawadi yoyote. Dagaa ndio walioshinda.

Siku iliyofuata, saa tano, tulirudi. Tuliposhuka njia panda ya Mdandu Mama Neema aliweka sharti lake.

"Tutarudia. Lakini mistari ya wazi iwe kwako, nyuma ya nyumba yako. Ife mbele yako."

Nilikubali. Nilikwenda Njombe nikidhani mtafiti ni mimi na Mama Neema ni mwenye shamba. Nilirudi nikijua kwamba nilikuwa nimehesabu miche misimu miwili bila kumwuliza aliyeitunza swali moja la maana: ilipoanguka sakitu, wewe ulifanya nini? Kuuliza si ujinga, tunasema. Ujinga wangu ulikuwa kuuliza upepo na kumwacha mtu.

Agosti, nyuma ya nyumba yangu, nilipanda miche minane. Jioni ya sakitu nilifunika minne. Ile minne mingine nilitoka kuitazama, nikarudi ndani, nikatoka tena. Mara ya pili nilijikuta nina gunia mkononi, na sikumbuki nililiokota saa ngapi. Nililirudisha stoo nikafunga mlango. Kulipopambazuka nilikuwa wa kwanza kufika pale. Minne ilikuwa kijani. Minne ilikuwa myeusi, imelegea kama mboga iliyochemshwa.

Nilimpigia Mama Neema.

"Hukufunika?" aliuliza.

"Sikufunika, mama."

"Pole sana, mwanangu," alisema. "Sasa ndiyo uandike."