Mabuti Mepesi ya Kuwindia

Duka lile la viatu katika soko la Jeddah lilinuka ngozi mpya, mpira na ubani, kwa kuwa muuzaji wake, Myemeni mmoja mnene, alifukiza kila asubuhi kuondoa nuksi. Hadi leo nikiingia mahali penye harufu ya ngozi mpya moyo wangu hushuka. Ilikuwa miaka ya neema ya mafuta. Meli zilingojeana bandarini, barabara zilichimbwa na kutiwa lami kabla hatujazizoea, na vitu ambavyo wazee wetu hawakuvijua hata kwa majina vilirundikwa sokoni mpaka njia ikaziba. Tulikaa Al-Nuzha, mimi, mama na wadogo zangu wawili, katika ghorofa ya juu kabisa chini ya paa la saruji. Baba alikuwa Riyadh, dereva wa ghala huko Al-Sulay, na kwetu alikuja mara chache. Sisi tuliotoka Unguja baada ya mapinduzi hatukuwa na pa kurudi, au ndivyo wakubwa walivyoamini, kwa hiyo ikama, kibali cha kukaa, ndiyo iliyokuwa nchi yetu.

Na ikama ile, kwa hesabu ya baba, ilisimama juu ya miguu yake. Madereva walikuwa tele, kila ndege ilishusha wengine, lakini kafili wake, bosi aliyemdhamini kukaa nchini, alikuwa mtu aliyependa kuwinda kuliko kula, na baba alikulia kusini mwa Unguja akiwinda paa vichakani. Majira ya baridi walikwenda pamoja jangwani, wakayaacha magari mbali, wakafuata swala na sungura kwa miguu kwenye mabonde ya mawe. Baba alitembea kimya kama paka wa jirani. Bosi alisema bila yeye hatoki nyumbani. Mkaa bure si sawa na mtembea bure, baba alipenda kutuambia, kisha akamgeukia mama akicheka: "Siku nikishindwa kutembea, mke wangu, basi halas." Mama hakucheka.

Mwaka ule alikuja kabla ya baridi kuanza, amekonda kidogo, anakunywa maji gilasi baada ya gilasi. Tukasema ni joto la Riyadh. Mchana mmoja tangi la maji lilivuja, naye akapanda juu ya paa pekupeku, jua la saa saba likiwa limeliunguza paa lile hata kunguru hatui. Sisi watoto tulikuwa tukirukaruka mlangoni, hatuwezi kuweka hata kidole. Baba alisimama palepale akifunga koki taratibu, kama aliyesimama kwenye zulia. Tulimshangilia. Nilikwenda kujisifu kwa watoto wa jirani kwamba baba yangu ana nyayo za ngamia, nao wakaja kumtazama, na yeye akawainulia mguu mmoja wauone. Usiku mama alitaka kumkanda miguu kwa mafuta ya nazi, kama ilivyokuwa desturi yake kila alipofika, akakataa. Alisema amechoka.

Kesho yake tukaenda kwa yule Myemeni. Alitoa mabuti ya ngozi nene, soli ngumu, akaapa kuwa yatadumu mpaka harusi yangu. Mama aliyanyanyua, akayarudisha. "Haya mazito hivi, baba watoto, unakwenda kuwinda au kuchimba kisima?" Baba akataka mepesi. Alishika moja la turubai lenye soli nyembamba, akalikunja mpaka ncha ikagusana na kisigino, akanipa na mimi nilikunje. "Ukikanyaga kijiti," alinieleza, "soli kama hii inakwambia kabla hakijavunjika. Swala hakupi nafasi ya pili." Nililikunja, likakunjika kama chapati. Aliyavaa, akaenda mpaka mlangoni na kurudi, na sote tukasema yamempendeza. Nilijiona mkubwa sana siku ile, kwa kuwa rangi niliichagua mimi.

Hata majira ya baridi hayajaisha. Rafiki wa baba, dereva mwenzake, alifika kwetu na kusimama kizingitini bila kukubali kuingia. Mwiba ulitoboa soli, akasema, na baba alitembea nao kutwa nzima bila habari, mpaka alipovua soksi kambini na kuona damu. Hata hapo alinyamaza. Alifunga kitambaa, akavaa buti, akaendelea kuwinda siku kadhaa, mpaka harufu ikamsema. Hospitali walimwambia ana sukari ya miaka mingi. Walikata mguu, lakini sumu ilikuwa imekwisha panda. Mficha maradhi, kifo humuumbua; sisi yetu ilikuwa hivyo hasa. Alizikwa Riyadh siku hiyohiyo aliyokufa, mama hakuwahi kumwona.

Bosi alikuja Jeddah kutupa pole. Mzee yule alilia mbele ya wanawake bila kuona haya. "Kwa nini hakuniambia?" alimuuliza mama. "Ningemwacha akae na gari tu, anipikie kahawa." Na ikama zetu alizishika kwa jina lake mpaka wadogo zangu wakakua. Basi hofu ile ya kupoteza ikama, iliyomwua baba, hakuna aliyemtia. Nilimkasirikia kwa hilo miaka mingi, na bado namkasirikia.

Sasa nami nina sukari, nimeirithi. Jeddah imepaa, maduka yana baridi kuliko jangwa la Januari, na viatu vya kila namna vimepangwa ndani ya vioo. Katika zahanati ya Al-Rawdah nesi wa Kikenya, binti mpole, hunigusa nyayo kwa kijiuzi chembamba, hapa na pale, kuona kama sukari imezitia ganzi, huku nimefumba macho. "Na hapa, mama, unahisi?" huniuliza. Baba hakuna aliyemuuliza hivyo. Sisi, kila alipofika mlangoni, tulimuuliza amepata swala wangapi.