Machozi ya Rehema

Kila ninapofunua sufuria ya maji yaliyochemshwa kwa kuni, ile harufu ya moshi hunirudisha kijijini kwetu Ulaya, wilayani Kilosa, miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na vidonge vikaanza kuuzwa kila kona. Leo mimi ni muuguzi mwenye diploma. Nimerudi na kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma bila kumwomba mtu hata msumari. Lakini wakati huo nilikuwa mtoto wa miaka minane, mjuaji kupindukia.

Mdogo wangu Rehema, ambaye hata kutembea alikuwa hajaanza, aliharisha siku ya pili mfululizo. Mama alimpa vidonge vya dukani na kumnyima maji, akiamini ndiyo yanayomharisha. Ndipo akaingia jirani yetu Mama Masanja, ambaye familia yake ilihamia na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa. Sikumwamini hata kidogo. Alimfinya Rehema tumboni, na ngozi ikabaki imesimama kama kanga iliyokunjwa.

"Analia, machozi hayatoki," alisema. "Mama Asha, maji yanamtoka na wewe huyarudishi. Unataka kuzika?"

Akapima ndani ya jagi maji yaliyochemshwa yakapoa, ujazo wa chupa tatu za soda, akakoroga sukari vijiko vidogo sita na chumvi nusu kijiko. Alipogeuka, nikachovya kidole nikaonja. Ladha ya machozi! Kumbe ndiko yalikokwenda! Nikabeba jagi, nikamwaga yote uani.

"We Asha!" Mama alipiga kelele.

"Ameiba machozi ya Rehema, Mama!"

Mama alinyanyua mkono, lakini Mama Masanja alicheka mpaka akashika mlango. Akachanganya upya, akanijazia kikombe. "Anza wewe, bibi mpelelezi. Kama mimi mchawi, utatangulia kufa."

Nikanywa, nikangoja kufa. Rehema alinyweshwa kijiko kwa kijiko mchana kutwa, nami nikimkodolea macho yule mama. Alasiri kanga ya Mama ikalowa mkojo wa Rehema, wa kwanza siku hiyo. Mama, ambaye siku nyingine angefoka, aliketi chini akalia.

Chuoni tulifundishwa kwamba kuharisha huondoa maji pamoja na chumvi za mwili, na kwamba sukari kidogo husaidia utumbo kuvifyonza tena. Mwalimu aliposema mchanganyiko huo usizidi chumvi ya machozi, wenzangu wote waliinama kuandika. Mimi sikuandika. Nilikuwa naijua ladha ile kabla yao wote. Machozi ya Rehema yalikuwa yameibiwa kweli. Nilikosea tu kumtambua mwizi.