Dawa ya Jumatatu

Nikisikia matangazo ya vifo redioni, nazima. Wanaosema sina utu waendelee kusema.

Mama yangu alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Tulitoka Njombe kwenda Dar es Salaam, maana mionzi ilikuwa huko tu. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, maduka ya dawa yamechipuka kila kona, na dawa ambayo zamani usingeiota unaikuta kwenye kabati la kioo. Daktari akamwandikia mama dripu ya kila Jumatatu. Nesi alipoona tumekodoa macho, akatueleza kwa lugha ya jikoni: "Dawa hii inaulainisha ugonjwa, kama unavyoloweka maharage. Mionzi ndiyo moto. Ukiloweka halafu usipike, umefanya nini?" Mama akacheka. Mtu wa Mlangali, kijijini kwetu, maharage anayajua.

Dripu ile ilimtesa, alitapika mpaka nyongo. Lakini kila asubuhi aliingia kwenye mashine, na damu iliyokuwa ikimtoka ikaanza kupungua. Nikaanza kuamini kabisa kwamba atapona. Niliwaza hata mahindi ya msimu ujao atapanda mwenyewe.

Jumatatu moja, dripu imetoka kuisha, redio ya wodini ikaanza: habari ziwafikie. Kaka mkubwa wa baba amefariki kijijini. Wakatajwa watoto wa marehemu, akatajwa na mama yangu, shemeji yake, aliyeko hospitali. Mazishi yanamsubiri. Wodi nzima ikamgeukia.

Mama akaanza kukunja kanga zake.

"Mama, umelowekwa leo," nikamwambia. "Wiki nzima hii ni ya moto. Unaondokaje?"

"Nimetajwa redioni, mwanangu. Nisipokwenda kuzika, mimi atanizika nani?"

"Unatibiwa ili usizikwe!"

Daktari alifoka, mwishowe akamwachia shingo upande. Zamani tungekosa usafiri, na kukosa huko kungemwokoa. Lakini sasa mabasi ya watu binafsi yalikuwa yanagombea abiria tangu alfajiri. Tukapata viti vya mbele kabisa. Bahati gani hiyo!

Makambako tulilala kwa rafiki wa baba, Mwislamu mwenye malori. Alipomwona mama amekumbatia ndoo ya kutapikia, akashika kichwa. "Shemeji, jamani! Sisi maiti tunamzika leo leo, hatumsubiri mtu. Kesho lori langu linashuka Dar, likurudishe." Nilimpenda mzee yule. Mama alimshukuru, asubuhi akapanda basi la Njombe.

Baba na ndugu zake walimpokea kama shujaa. Tukazika, na baridi inakata masikio. Nikadhani tumemaliza. Thubutu! Mke wa ukoo haondoki kabla matanga hayajaanuliwa. Niligombana na baba mbele za watu, akasema nimeleta kiburi cha mjini. Mama alikaa mkekani, homa inapanda, anaitikia pole za kila anayeingia.

Tuliporudi Dar, damu ilikuwa imeanza tena. Daktari hakufoka safari hii, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema mionzi iliyokatika hairudishwi hivi hivi, mwili una kiwango chake. Na figo za mama hazikuweza tena ile dripu. Akamalizia mionzi iliyobaki bila dawa, maharage makavu juu ya moto.

Alikufa mwaka uliofuata, msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Ua lilijaa watu mpaka barabarani. Mdogo wa baba akasimama kusoma wasifu wake, sauti inatetemeka kwa fahari: "Alikuwa mwanamke wa mfano. Hakukosa msiba hata mmoja wa ukoo huu. Hata kwenye dripu alinyanyuka, akaja kuzika." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Baba naye akatikisa.

Nikageuka, nikapita katikati yao, nikashika njia ya Makambako kabla jeneza halijashushwa. Mama yangu sikumzika.

Mpaka leo ukoo unaniuliza mimi atanizika nani.