Vidani Vilivyonyooka Mno

Majirani walimwita Msasa, na si kwa ukali wake, ingawa ukali alikuwa nao wa kutosha nyumba mbili. Jina lilitokana na ile karatasi ya kusugulia isiyomtoka mkononi. Kila kidani alichotengeneza alikisugua mpaka ukipitisha kidole ukingoni huhisi kitu. Ndivyo alivyolelewa na marehemu baba yake, fundi wa mabati: ukingo ukikwaruza ngozi, kidani kinarudi mezani, na aliyekitengeneza hali mpaka kinyooke. Basi Msasa alikua akijua kwamba ukingo mbaya na njaa ni ndugu wa tumbo moja.

Vidani vyenyewe vilikuwa vipande vya shaba alivyovikata umbo la jani au ndege. Juu yake aliweka kitambaa chakavu, kifungo cha shati, ushanga, pengine pembe ya stempu ya zamani, kisha akavifunga vyote kwa waya mwembamba. Meza yake ilikaa kwenye kibaraza cha nyuma, kati ya ndoo ya kufulia na baiskeli isiyo na mnyororo. Mnunuzi alikuwa mmoja tu, bibi mwenye duka la zawadi kule kwenye maduka ya vioo.

Siku moja bibi huyo akamrudishia trei nzima.

"Mama, vimenyooka mno," alisema. "Wateja wanadai vimetoka kiwandani. Wanataka wauone mkono wa mtu."

Ili kueleweka vizuri akamwonyesha kikombe chake cha udongo, kilichopinda mdomo, akasema hicho ndicho kina roho. Akanywa. Chai ikamwagikia kifuani. Msasa aliitazama ile blauzi, akabeba trei yake.

Nyumbani alijaribu kuharibu. Jamani, kuharibu nako ni kazi! Akipinda bawa la ndege, vidole vinalinyoosha vyenyewe kabla hajakumbuka. Samaki mkunje angali mbichi, na yeye ubichi ulishamtoka zamani.

Hapo ndipo mumewe alipojitosa. Mzee huyu alikuwa mlinzi wa lango la shule, na tangu astaafu alizunguka nyumbani kama mgeni anayesubiri kukaribishwa, akionja mchuzi na kutoa maoni kuhusu chumvi. Msumari hajawahi kuugonga bila kugonga na kidole gumba. Akaomba naye apewe kazi. Msasa akampa tindo na kipande cha shaba ili tu anyamaze. Ndege akatoka kama kiatu kilichokanyagwa na gari, na kwa bahati mbaya akaingia kwenye trei ya dukani pamoja na wenzake.

Duka likawaka moto. Mteja mmoja alimshika yule ndege akatokwa na machozi, akasema anaona kiumbe kinachopigania uhuru wake. Kumbe mzee alipiga chafya katikati ya kukata. Wakataka wengine. Mzee akakata, akajikata, akakata tena, na vyote vikanunuliwa. Picha yake ikatundikwa ukutani dukani, na chini yake maneno: Mikono Isiyodanganya.

Mzee akanunua kofia. Akaanza kusema "kazi zangu". Wageni wakija, anaegemea kiti, anafumba jicho moja na kueleza jinsi shaba inavyozungumza naye. Na siku moja, mbele ya mashemeji, akasema kwamba mkewe naye humsaidia kusugua.

Hilo liliuma. Msasa hakuwa akililia sifa wala picha ukutani. Alichotaka ni mtu mmoja tu hapa duniani apitishe kidole ukingoni mwa kidani chake, ajue kilichofanyika pale. Baba yake alijua, naye yuko kaburini. Akafunga vidani vyake kwenye kitambaa, akavisukuma chini ya kitanda, akabaki kumchanganyia mumewe vanishi ya kung'arishia shaba.

Lakini mkono unaogonga kila siku hujifunza, upende usipende. Mzee alikaa meza moja na fundi, macho anayo. Akaanza kuuliza kwa sauti ya chini tupa inashikwaje, na waya unavutwa upande gani. Asubuhi moja akakata ndege mwenye mabawa mawili yanayolingana. Alimtazama kama mtu aliyepata mtoto uzeeni. Akavaa kofia, akampeleka dukani mwenyewe.

Alirudi kofia ikiwa mkononi. Bibi wa duka alikuwa amemwambia asiwaletee vitu vya kiwandani kisha akajifanya ni vyake. Picha imeshateremshwa. Sasa yuko bwana mmoja anayekata huku amefungwa macho kwa kitambaa, na watu wanapanga foleni.

Mzee akamweka ndege mezani, akakaa. Vidole vyake vilikuwa vimejaa plasta.

"Nimehangaika na huo ukingo mpaka nimetoka damu," alisema. "Mtu hata hakuugusa." Akamtazama mkewe. "Na wewe ulikuwa unajisikia hivi muda wote huu?"

Machozi yalimjia Msasa, akayarudisha. Akamchukua yule ndege, akapitisha kidole taratibu, bawa la kwanza, mkia, bawa la pili. Shingoni kidole kikakwama kidogo.

"Hapa bado," alisema, akamsogezea karatasi ya kusugulia. "Chakula kiko tayari, lakini huli mpaka kinyooke."

Mzee akavuta kiti, akaanza kusugua. Msasa akaingia jikoni, akafunika sahani zote mbili, akarudi kukaa mbele yake na njaa yake.