Nilibomoa Banda la Mbao, Kisha Nikamsingizia Fundi Wangu

Nimekosa, tena nimekosa mimi mwenyewe. Nimelibeba jambo hili tangu enzi za ruksa, miaka ya tisini mwanzoni, na sasa nimechoka. Ngoja niwaambie ninyi.

Nilikuwa na karakana ya samani pale Ibighi, Tukuyu. Kazi nilijifunza kwa Fundi Asajile, mzee wa Lupepo, aliyenishikisha randa nikiwa sijaota hata ndevu. Nilipofungua karakana yangu nikamchukua awe fundi mkuu. Alikuwa na sharti moja tu: banda la kukaushia mbao. Huku kwetu mvua ikianza haijui kuacha, kwa hiyo Mzee alizipanga mbao juu ya vijiti zipigwe na upepo mwaka mzima na zaidi, ndipo aziguse.

Basi mimi nikaenda semina Mbeya. Siku tatu, chai na maandazi. Mwalimu akatueleza mambo ya viwanda vya Japani: kinacholala karakanani ni hasara, mali iingie, itengenezwe, itoke. Wala hakukosea. Niliporudi nilichora ukutani mahali pa kila patasi na kila nyundo, tukaacha kupoteza nusu ya asubuhi kutafuta vifaa. Hata Mzee alicheka, akasema hilo ni zuri.

Lakini kichwa kilishanivimba. Nikaliangalia lile banda, nikaona mbao zimelala tu. Nikaziuza zote, nikabomoa banda, nikaweka meza mbili za kazi.

"Mwanangu," Mzee akaniambia, "hizo mbao hazikuwa zimelala. Zilikuwa zinakauka."

"Mzee, hayo ni mambo ya zamani."

Akachukua randa yake, akaendelea na kazi.

Mwezi uleule tukapata kazi ya mabenchi ya kanisa kule Lupepo, kanisa alilosali Mzee mwenyewe, tena alikuwa mzee wa kanisa pale. Mbao zilifika bado zina maji, na baada ya wiki mbili mabenchi yakawa tayari. Nilisifiwa jamani, nikatembea mjini kifua mbele.

Kiangazi kikaingia. Mbao zikasinyaa, maungio yakaachia. Jumapili moja, watu wakikaa baada ya wimbo, benchi la akina mama likaachia miguu. Bibi mmoja akavunjika nyonga, na hakutembea tena bila fimbo.

Wazee wa kanisa wakatuita. Mchungaji akauliza kwa upole kabisa, "Nani aliamua zitumike mbao mbichi?"

Nikasema, "Fundi ndiye anayejua mbao. Mimi nilimwachia yeye."

Mzee Asajile akageuka, akanitazama. Nilingoja anikatalie. Akaendelea kunitazama. Nadhani alikuwa ananipa nafasi nijirudi, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Wakamvua uzee wa kanisa. Kwangu hakurudi. Yale mabenchi aliyatengeneza upya peke yake, moja moja, bila malipo, kwa mbao alizozikausha nyumbani kwake.

Ilinichukua miaka kwenda kwake. Nikapiga magoti sebuleni, mbele ya mkewe.

"Nisamehe, Mzee. Nilikusingizia."

"Nilishakusamehe siku nyingi," akasema. "Lakini swali lile sikuuliza mimi. Waliuliza kanisani. Nenda kawajibu."

Nikaahidi kwenda Jumapili inayofuata. Sikwenda. Wala ile iliyofuata.

Mzee tumeshamzika. Msibani nilikaa karibu na vijana wawili, nikasikia mmoja anamweleza mwenzake marehemu ni nani: "Si ni yule wa mabenchi yaliyovunjika?" Nikanyamaza tena.

Wewe unayetoka semina na maarifa mapya, yatumie, lakini kwanza muulize aliyekutangulia kwa nini anafanya anavyofanya. Na ukikosea, jibu palepale ulipoulizwa, siku ileile. Ukichelewa, mdomo unakuwa mzito kila mwaka. Mimi nimeweza kuwaambia ninyi msionijua. Lupepo bado hawajui.