Sentensi ya Formicidae

Mama mkubwa wangu anatunga sentensi. Ndiyo kazi yake, msicheke. Katika ofisi ya kamusi wapo wanaotafuta maneno na wapo wanaoyaeleza; yeye hupewa neno lililokwisha kuelezwa, akalitungia sentensi za mfano. Miaka ishirini na sita sasa. Ukimwambia umechoka, atakuuliza umechoka vipi, ili aandike.

Ofisi yao ina utaratibu mmoja: sentensi haipiti mpaka isomwe kwa sauti mbele ya mtu wa nje. Huyo akikunja uso, kadi iliyoandikiwa sentensi inachanwa. Mtu wa mama mkubwa alikuwa mumewe, mwalimu mstaafu wa biolojia, mzee mbishi kupindukia. Kadi ngapi zilichanwa pale mezani huku chai ikipoa! Mimi niliyelelewa nao nilidhani ndoa zote huwa hivyo.

Kisha baba mkubwa akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakakatika. Miezi mitano hakutamka hata "maji". Daktari alisema sauti huenda ikarudi, huenda isirudi, tuzidi tu kumsemesha. Basi mama mkubwa akawa anamsomea kadi kila alasiri. Alimkalisha dirishani, pazia likijaa upepo na kulegea, mwanga ukisogea polepole sakafuni kutoka miguu ya meza hadi miguu yake. Saa zile nyumba nzima ilikuwa kama inaota. Mama mkubwa alisoma, akasubiri uso ukunjwe. Haukukunjwa.

"Siku hizi sentensi zangu zote zinapita," aliniambia jikoni. "Sitaki zipite, mwanangu. Namtaka yeye."

Siku moja akaja na neno Formicidae, jina ambalo wanasayansi wameupa ukoo wote wa sisimizi. Kwa bahati sisimizi wenyewe walikuwa wakipita dirishani, mstari mwembamba, kila mmoja akisimama kidogo kumgusa mwenzake kabla ya kuendelea. Baba mkubwa aliwatazama. Mama mkubwa naye akawatazama, muda mrefu, hadi nikadhani amesinzia. Ndipo akaandika, akasoma.

"Sisimizi hawa wa dirishani ni wa ukoo wa Formicidae." Baba mkubwa hakuwaondolea sisimizi macho.

"Mwalimu yule aliwapenda Formicidae kuliko wanafunzi wake." Uso haukukunjwa.

Ya tatu aliisoma harakaharaka, bora liende: "Siafu, sisimizi na mchwa wote ni Formicidae."

"Mchwa hapana."

Nilidhani ni redio ya jirani. Lakini baba mkubwa alikuwa amekunja uso wote, midomo imepinda, macho makali kama ya darasani.

"Umesemaje, mume wangu?"

"Mchwa... jamaa wa mende." Akavuta pumzi. "Mende!"

Mama mkubwa aliichana ile kadi vipande vipande, akilia na kucheka kwa pamoja, vipande vikiwaangukia sisimizi. Mimi nililia bila aibu yoyote.

Kesho yake mama mkubwa alirudi mapema kutoka kazini, akavuta kiti hadi magoti yao yakagusana. Alikuwa na kadi mpya, yeye ambaye vijana wa ofisini humwogopa kwa kuwa hasamehi hata koma moja iliyokosewa.

"Buibui," akasoma taratibu, "ana miguu sita."

Akautazama mdomo wa mumewe.