Nesi Aliyekisalimia Kibofu Changu

Nikinusa kitenge kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, ule mvuke wenye harufu ya sabuni ya mche, mwili wangu unalegea wenyewe. Wenzangu harufu hiyo inawakumbusha siku ya kufua. Mimi inanirudisha wodi ya watoto, mjini Shinyanga, nilikotolewa jiwe kwenye kibofu kabla meno ya utotoni hayajaisha kung'oka.

Tulitoka kijijini, nje ya Kahama, mimi na mama. Jiwe lenyewe nilionyeshwa ndani ya kikopo, nikasikitika kwamba kitu kilichonitesa vile hakikufikia hata kokoto la kuchezea mdako.

Nilidhani tabu imekwisha. Kumbe daktari alikuwa ameniwekea mpira wa mkojo ili kidonda kipumzike, na kibofu changu hakikumpenda mgeni huyo. Kilijikaza kwa ghafla, kikitaka kumsukuma nje. Maumivu yalinibana chini ya kitovu, yakashuka mapajani, vidole vya miguu vikajikunja, kisha yakaachia nikabaki na jasho. Nami nilijikamua nikiamini nikisukuma kwa nguvu yataisha. Ndiyo kwanza yakazidi.

Sasa, kwetu Usukumani ukisalimiwa huanzi na matatizo. Unaulizwa "Mhola?", yaani ni salama, unajibu "Mhola duhu," salama tu, hata kama nyumba inaungua nyuma yako. Shida inangoja zamu yake. Nilifundishwa hivyo nikiwa nimempigia bibi magoti, na nilikuwa mtoto mtiifu. Daktari akipita asubuhi na kuniuliza, "Minza, mhola?" namjibu, "Mhola duhu." Anatabasamu, anakwenda kitanda cha pili. Mama naye alijibu hivyo hivyo, akisubiri swali linalofuata, lile la shida. Lakini wodi ilikuwa imejaa na watu wana haraka.

Aliyelileta swali hilo ni nesi mmoja mtu mzima, Msukuma mwenzetu. Alivitazama vidole vyangu vya miguu, kisha akaanza kunisalimia taratibu, kama mtu aliyekuja kushinda.

"Minza, mhola?"

"Mhola duhu."

"Bibi nyumbani, mhola?"

"Mhola duhu."

"Na ng'ombe?"

"Mhola."

"Na kibofu je, nacho mhola?"

Hakuna aliyewahi kunifundisha kukijibia kibofu.

"Kibofu kinaniuma," nikasema, nikaangua kilio.

Akaukagua mpira, akaukuta umebanwa chini ya paja langu. Alipounyoosha, mkojo ukashuka. Akamwita daktari, nikaandikiwa dawa ya kukituliza kibofu pamoja na ya maumivu. Akachovya kitenge cha mama kwenye maji ya moto, akakipima joto mkononi mwake, akaniwekea kiunoni, mbali na kidonda. Akanifundisha kwamba kikijikaza nisisukume, nipulize polepole kama ninayepoza uji. Nikapewa na maji ya kunywa, ambayo mama alikuwa akininyima kwa kudhani mkojo ukipungua na maumivu yatapungua. Siku hiyo nililala mchana kweupe, na utamu wa usingizi ule sijausahau.

Ila kabla sijalala, nesi alimgeukia mama. "Na wewe, Mama Minza, mhola?"

"Mhola duhu."

Hakuondoka. "Na moyo nao?"

Mama yangu, ambaye hakutoa chozi hata waliponipeleka chumba cha upasuaji, alikaa ukingoni mwa kitanda akafunika uso kwa viganja na kulia. Nesi akamshika bega, akakaa naye. Nilimchukia mwanamke yule papo hapo. Nilidhani amemkaripia kwa ajili ya yale maji.

Miaka ikapita, nami nikakaa wodini na mwanangu mwenye homa, nikimjibu kila anayepita kwamba ni salama tu, na wote wakaniamini. Hapo ndipo nilipoelewa mama alipewa nini siku ile. Nilitamani nimpate yule nesi nimpigie magoti, nimshukuru kwa ajili yangu na ya mama.